Askari wa Zamani na Daftari la Karani

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hulia, kisha watu hurudi makwao. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi hata kidogo. Lakini yatupasa kuuliza: tarehe 26 Julai yule mzee aliyepigana, naye yu hai bado, goti lake limevimba na macho yake yameingia ukungu, huenda wapi? Na akifika huko aendako, hupokewaje? Swali hili latuhusu sisi makarani kuliko linavyowahusu wasemaji wa majukwaani. Maana baina ya mgonjwa na daktari pana meza, na nyuma ya meza hiyo ameketi karani.

Hapa Moshi hatuwezi kusema kwamba mahali pa kutibiwa hapana. Mjini pana Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Pana KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wagonjwa wa macho na wa mifupa hutoka mbali kuja kutibiwa. Na hapo hapo, tangu mwaka 1981, pana chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Upande wa Siha iko Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wenye kifua kikuu. Mlimani ziko hospitali za Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na Huruma ya Rombo, zilizotokana na kazi ya makanisa. Basi nyumba za tiba zipo. Shida iko mlangoni.

Ili jambo hili lieleweke, tutazame nyuma kidogo. Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 ilipita katika vihamba vyetu: Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalitwaa Moshi, na mwezi huo huo pakapiganwa Kahe. Pamoja na askari walikwenda wapagazi, makundi kwa makundi, na wengi wao walikufa kwa kuhara damu, malaria na udhaifu wa mwili, wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Lakini jina la mtaa si jina la mtu. Mwaka 1921 hata 1930 mjane hakuweza kwenda ofisini akasema, “Mume wangu yumo katika jina la mtaa.” Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita ile, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Mambo hayo hayakutokea kwa kukosa mawe ya makaburi. Yalitokea kwa sababu majina hayakuandikwa, au yaliandikwa yakapotezwa.

Ikaja vita ya pili. Watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengi katika Keya, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Hao walikuwa na namba na vyeti vya kuachishwa kazi. Hata hivyo ilikuja kudhihirika wazi mwaka 2019, kwa hati za zamani, kwamba katika bakshishi ya mwisho wa vita askari Mzungu alipewa hadi mara tatu ya aliyopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza msaada wa kuwapatia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, na wajane wao, walio maskini, chakula mara mbili kwa siku. Msaada huo ulikuja miaka 73 baada ya vita kwisha. Ndugu wasomaji, wapigieni hesabu wenyewe: kijana wa miaka 20 mwaka 1945 alikuwa na miaka 93 chakula hicho kilipotangazwa.

Liko jambo jingine lifaalo kukumbukwa na kila karani. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliridhia kuwalipa askari wazee waliomtumikia Lettow-Vorbeck. Husimuliwa kwamba wazee waliofika Mwanza kupokea fedha walikuwa mamia, lakini wenye vyeti walikuwa wachache sana. Mlipaji hakuwafukuza. Alimpa kila mmoja ufagio ushike mahali pa bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani; wala hakuna mzee aliyekosea. Ikiwa hadithi hii ni ya kweli yote au imetiwa chumvi, fundisho lake ni kweli: mtu asiye na karatasi si lazima awe mwongo, na mwenye meza akitaka kuujua ukweli hupata njia ya kuujua.

Sasa tuje kwa walio hai. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Katika miezi michache jeshi letu lilikuzwa kwa maelfu ya mgambo waliotoka vijijini, na hata huku mlimani vijana waliacha kahawa wakaenda. Mji wetu nao una sehemu katika historia ile, kwani Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi kuandaa serikali yao mpya, na mwezi wa Aprili Kampala ikaanguka. Kijana wa miaka 20 wa wakati ule amepita miaka 65 leo.

Wakati alipoondoka nyumbani, matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure. Kuanzia mwaka 1993 ulianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Basi mtu huyo alikwenda vitani katika nchi ya tiba ya bure, akazeeka katika nchi ya tiba ya kulipia. Askari wa kudumu aliyestaafu kwa taratibu ana pensheni na jalada lake. Lakini mgambo hakuwa askari wa kudumu. Vita ilipokwisha alirudi kwenye jembe lake, na ushahidi wake wote ni kovu alilo nalo na wenzake wanaomkumbuka.

Sheria na sera hazikumsahau mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yaagiza mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo yawatazama pia wasio na uwezo. Lakini sera haitembei kwa miguu yake. Mzee lazima aandikwe kijijini, athibitishwe, apewe kitambulisho, nacho kitambuliwe dirishani. Tuseme mzee ateremka kutoka Uru wakati wa masika, amelipa nauli ya gari kwa fedha ya mkungu wa ndizi, kisha aambiwa jina lake limeandikwa vibaya, arudi wiki ijayo. Herufi moja iliyokosewa yaweza kumgharimu jicho. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, wanachama walioko katika kata waombe kibali cha kufungua daftari la wazee waliopigana, mgambo na askari, pamoja na wajane. Ndani yake yaandikwe jina kama mwenyewe alitamkavyo, mwaka alioondoka, kikosi chake, na majina ya wenzake wawili wa kumshuhudia. Pili, nakala ya daftari hilo ihifadhiwe wilayani, ili moto au mchwa wasiifute kazi ya miaka. Tatu, Jumamosi moja ya kila mwezi wanachama wajitolee kuwajazia wazee fomu zao bila malipo yoyote. Na atakayepokea hata shilingi moja, chama kimwondoe. Nne, chama kiiandikie Serikali kwa heshima, kuomba mgambo wa mwaka 1978 na 1979 wahesabiwe na hali yao ya afya itazamwe: waliopoteza kusikia kwa mizinga, waliokatwa viungo, na wale ambao mpaka leo hushtuka usiku wakapiga kelele.

Watakuwapo wa kutujibu kwamba hii ni kazi ya Serikali, na kwamba wazee wote ni sawa, mbona hawa wapewe nafasi ya mbele? Twajibu hivi. Hatumwombei askari wa zamani nafasi ya mzee mwingine. Twaomba haki ambayo tayari ni yake imfikie akiwa hai. Na kuhusu Serikali, mkono wake ni nani kama si sisi? Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, kwa uongozi wa Martin Kayamba. Wakubwa wale walijua kwamba elimu ya kalamu waliyoipata si mali ya mwenye kalamu peke yake.

Wapagazi hatuwezi kuwaandika tena. Wakeya waliobaki ni wachache mno. Wa Kagera wangalipo, nao wanapungua kila msimu wa mvua. Twawaomba wanachama wa Kibosho, Machame, Old Moshi, Marangu na Rombo watuletee majibu kabla ya mkutano ujao: katika kata yako, wazee hao ni wangapi, na wangapi kati yao wana kitambulisho cha matibabu? Tukijua hesabu hizo mbili, tutajua pa kuanzia.