Mama ameanza kusahau: nani akae nafasi ya nne kwenye kadi?

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, ameniletea ujumbe ambao naamini wengi mnaosoma ukurasa huu mngeweza kuuandika. Mama yake ana miaka 71 na anaishi naye. Tangu mwaka jana anauliza swali lile lile mara nne kwa asubuhi moja. Ameunguza sufuria mbili. Mwezi uliopita alirudishwa nyumbani na kijana wa bodaboda, kutoka mtaa ambao ameupita kwa miaka 30. Mwalimu anauliza mambo mawili: je, bima inalipia kupima ugonjwa wa kusahau? Na je, amwondoe mtoto mmoja kwenye kadi ili mama aingie?

Nianze na la kwanza, maana jibu lake ni tofauti na watu wanavyodhani.

Ukifungua orodha ya mafao ya mfuko wowote, usitafute mstari ulioandikwa "kupima kumbukumbu". Bima hulipia huduma: kumwona daktari, vipimo vya maabara, picha, dawa zilizo kwenye orodha yake. Kwa hiyo mzazi akifika hospitali na malalamiko yanayoeleweka, daktari akaandika kwamba mgonjwa amebadilika kwa miezi kadhaa, anapotea njia, anashindwa kazi alizozizoea, basi kuonana na daktari na vipimo vinavyofuata vinaingia kwenye njia ya kawaida ya matibabu. Mzee akipelekwa akiwa mzima kabisa "ili tu apimwe", hapo ndipo mnaweza kukwama dirishani.

Msidhani hilo ni la kwetu tu. Marekani, bima ya wazee ya Medicare inalipia ziara ya kila mwaka ambayo ndani yake daktari anatakiwa kuangalia dalili za akili kufifia. Pamoja na hayo, jopo la wataalamu linaloishauri nchi hiyo kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza kumpima kila mzee asiye na dalili. Lakini mama anayepotea mtaani kwake hayumo kwenye mjadala huo. Huyo ana dalili, na ana haki ya kuchunguzwa.

Kipimo chenyewe cha mwanzo hakina gharama ya kutisha. Nchini kwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawachunguza wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana demensia, jina la kitaalamu la hali hii ya akili kufifia. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huo ni ugonjwa. Kutokana na kazi hiyo kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengi hawakusoma. Mzee hashiki kalamu. Anaulizwa leo siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, na anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Ukilinganisha na vile vipimo vya kigeni vya kumwambia bibi achore saa, wakati hajawahi kushika penseli, utaona tofauti.

Kipimo hicho hakitoi hukumu. Kinasema tu kwamba kuna jambo la kufuatilia, na kwa maoni yangu hapo ndipo kadi ya bima inapoanza kuwa na thamani. Si kila anayesahau ana ugonjwa usiorudi nyuma. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu huleta usahaulifu. Upungufu wa vitamini B12 pia, na sonona, na baadhi ya dawa, hasa mzee anapomeza dawa za hospitali tatu pamoja na za duka la jirani. VVU na kaswende ya muda mrefu navyo hugusa ubongo. Mzee aliyeanguka akagonga kichwa anaweza kuvuja damu taratibu ndani ya fuvu, na wiki kadhaa baadaye familia ikaona amechanganyikiwa tu. Haya yote yana matibabu. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, usisubiri miadi ya kliniki: huenda ni maambukizi, kiharusi au sukari, na ni dharura.

Kwa hiyo mkifika kwa daktari, waulizeni kuhusu tezi, B12, sukari, damu, figo, VVU na kaswende. Hivyo ni vipimo vya damu. Picha ya kichwa, CT au MRI, ni daktari atakayeamua kama inahitajika, na kabla hamjaenda ulizeni dirisha la bima kama lazima kiwepo kibali. Msiruke ngazi za rufaa kwa kudhani hospitali kubwa ndiyo itawahudumia haraka. Mnaweza kujikuta mkilipa mfukoni.

Sasa nafasi ya nne.

Katika NHIF, mwanachama mtumishi anahudumiwa pamoja na mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi hao si watoto tu. Wazazi wamo, na wazazi wa mwenza wamo. Wengi wetu tunajaza watoto nafasi zote nne siku ya kwanza kazini, halafu hatulifikirii tena mpaka mama anapougua. Mwalimu wetu ana watoto wanne: wa miaka 19 aliyepo chuoni, wa 14, wa 9 na wa 4.

Mimi ningemtoa yule wa chuoni. Sisemi hivyo kwa kumpenda kidogo. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe na bima, na zipo njia za kumkatia kama mwanafunzi. Tena akifikisha miaka 21 anaondoka kwenye kadi ya mzazi hata ukimng'ang'ania. Wapo watakaosema atolewe wa miaka 4, kwa kuwa sera inasema watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Nawasikia, lakini mtoto huyo mwakani anavuka umri huo, na watoto ndio wanaokimbizwa hospitali usiku. Kwanza hakikisheni bima ya chuo imeanza kufanya kazi, ndipo mumwondoe kijana. (Mume naye atauliza kuhusu mama yake. Hilo ni la kuzungumza chumbani, si la ukurasa huu.)

Na fanyeni mapema. Anayetaka kumwandikisha mzazi hutakiwa kuthibitisha kwamba ni mzazi wake, na hapo cheti chako wewe cha kuzaliwa kinahitajika. Kama jina la mama limeandikwa Mwanaidi kwenye cheti na Mwanahidi kwenye kitambulisho cha taifa, mnaijua safari inayofuata.

Asiye na mtoto mwenye ajira afanyeje? CHF iliyoboreshwa, kwa mikoa nje ya Dar es Salaam, imekuwa ikitoza kaya ya watu hadi 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Vipimo vya damu vya mwanzo vingi vinaweza kupatikana ndani ya ngazi hizo. Vilevile Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, na ndiyo sababu mnaona mabango ya kuwapisha wazee na madirisha yao. Tatizo ni kwamba kuandikiwa dawa bure na kuipata dirishani ni mambo mawili. Bado, kitambulisho cha mzee kutoka halmashauri ni cha kufuatilia. Kampuni binafsi za bima nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga na masharti kuhusu ugonjwa uliokuwepo kabla, kwa hiyo someni kabla ya kusaini.

Wasomaji wetu wa Kenya wajue kwao ni tofauti. Chini ya SHA, iliyoanza 1 Oktoba 2024, mzazi haingii kama mtegemezi wa mtoto wake. Anasajiliwa kivyake, na mtoto anaweza kumlipia.

Wapo watakaouliza kuna haja gani ya kuwahi, ikiwa demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya. Haja ipo. Mzee akijulikana mapema, presha na sukari vinasimamiwa, masikio na macho yanaangaliwa, na dawa zake anagawiwa na mtu badala ya kumeza mara mbili kwa kusahau. Kuna mambo ya shamba na nyumba: wosia hutakiwa uandikwe na mtu mwenye akili timamu, na familia nyingi hukumbuka hilo wakati muda umeshapita, kisha ndugu wanakutana mahakamani. Namba ya siri ya simu ya pesa nayo ihamishiwe mikono salama kabla mjanja hajaipata.

Na kuna jambo zito zaidi. Bibi anayetoka usiku akapotea, akakutwa alfajiri uani kwa watu akiwa na nguo nusu, hajui alipo, mitaa yetu ina maelezo yake tayari: ameanguka na ungo. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, Kanda ya Ziwa hasa. Karatasi ya daktari inayosema mama huyu anaumwa, ikiwa imeonyeshwa kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili watatu, inaweza kumkinga siku hiyo.

Namna ya kumpeleka sasa. Msimgeuze mama kuwa mtihani wa sebuleni, "Bibi, mimi ni nani? Leo tarehe ngapi?", wajukuu wakicheka. Anaelewa kwamba anachekwa, na kesho atagoma kwenda popote. Mwambie, "Mama, twende tukaangalie presha na macho, na daktari nimweleze hiki kichwa kinachokusumbua." Ni kweli, na hakimvunjii heshima. Kwa wiki mbili kabla, andika kwenye simu yako kila tukio na tarehe yake. Weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji. Na anayeingia naye kwa daktari awe yule anayelala nyumba moja naye, hata kama ni dada wa kazi, kuliko kaka mkubwa aliyefika jana kutoka Mbeya.