Trabant Nalo Lipewe Haki Yake

Kalamu imeniwasha kwa sababu ya mjadala wetu wa muhula uliopita. Ndugu mmoja wa kidato cha nne alisimama akadai ati magari ya nchi za kisoshalisti yalikuwa makopo matupu, akatoa mfano wa Trabant. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, tena sana. Nilipofika nyumbani nikaona haya.

Trabant lilikuwa gari la familia la Ujerumani Mashariki. Lilianza kuundwa mjini Zwickau mwaka wa 1957, na la mwisho likatoka kiwandani mwaka wa 1991, yote pamoja yakiwa kama milioni 3. Kwa kweli hata kopo halikuwa, maana kopo ni bati! Mabati ya chuma yalikuwa adimu huko, kwa hivyo sehemu kubwa ya bodi iliundwa kwa plastiki ngumu yenye masalio ya pamba ndani yake. Injini ilikuwa ya silinda mbili tu. Tangi la petroli lilikaa mbele, juu kuliko injini, petroli ikiteremka yenyewe bila pampu. Kwa miaka mingi halikuwa na geji, yaani dereva akitaka kujua petroli iliyobaki alifungua boneti akatumbukiza kijiti. Na moshi je? Wacha tu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Familia ilingoja gari hilo miaka 10 na zaidi. Wengi walijiandikisha mara tu walipotimiza umri wa miaka 18, wakalipata wakiwa na watoto wa kwenda shule. Ndiyo maana kuukuu liliweza kuuzwa ghali kuliko jipya: kuukuu ungeondoka nalo leo. Vipuri navyo vilikuwa haba, basi mwenye gari akageuka fundi, akilala chini ya gari lake kama vijana wetu wa jua kali.

Isitoshe, wahandisi wa Zwickau hawakuwa wajinga. Katika miaka ya 1960 walibuni gari bora zaidi, wakuu wa chama wakalikataa. Wakuu hao hao baadaye walibebwa katika Volvo kutoka Uswidi! Hao ndio wa kuchekwa, si baba wa watu aliyengoja miaka yote hiyo.

Mpinzani wangu atauliza, je, si afadhali wao waliopangiwa bei na serikali? Hapo ndipo ninapomkumbuka baba yangu. Baba aliweka akiba miaka 7 akanunua gari dogo la mtumba kutoka Japani. Tulikaa nalo miezi 14. Nyanya akaugua, gari likauzwa kulipa gharama za hospitali. Siku lilipoondoka majirani wawili walicheka pale langoni, tena kwa sauti. Baba alijifanya hakusikia. Hadi leo kile kitambaa alicholipangusia kila Jumamosi kimetundikwa nyuma ya mlango, na mama hathubutu kukiondoa.

Kwetu magari yamejaa uwanjani, pesa ndizo hakuna. Kwao pesa wengi walikuwa nazo, magari ndiyo hayakuwapo. Waswahili husema ngojangoja huumiza matumbo, na kwa maoni yangu yao iliumiza zaidi. Baba akipata kibarua cha pili huenda akapunguza mwaka mmoja. Yule wa Zwickau hata angefanya kazi usiku na mchana, foleni haikusogea kwa ajili yake. Lakini kweli ni kwamba yeye alikuwa na jina kwenye orodha. Baba hana orodha yoyote.

Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1989, misururu ya Trabant ilivuka kuingia Magharibi, na watu wa huko wakawa wanapigapiga mapaa yake kwa furaha. Muda si muda wenyewe wakaanza kuyatelekeza, wakanunua magari mengine. Wengine wanayatunza hadi leo.

Jioni ile ya mjadala nilimsimulia baba habari za kile kijiti cha kupimia petroli. Alicheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa habari ya magari tangu lile liuzwe. Kisha akaniuliza kama hayo magari bado yanapatikana, na ni pesa ngapi.