"Bibi Yupo" Si Jibu

Ukiuliza Mpwapwa, Kongwa au Chamwino mtoto wa binti aliyerudi shule anabaki na nani, utajibiwa haraka: "Bibi yupo." Wazazi husema hivyo, walimu pia, na mipango mingi ya kuwasaidia mabinti imeegemea hapo. Jibu hilo halitoshi, na anayeumia ni mtoto mchanga.

Huyo bibi ni nani? Huenda ni mama wa miaka arobaini hivi, mwenye watoto wake bado wadogo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo yuko shambani kwenye uwele na mtama tangu alfajiri. Kiangazi kikiingia, anahangaikia maji. Kichanga cha miezi mitatu kinaachiwa dada wa miaka minane na kikombe cha uji, wakati kliniki inafundisha maziwa ya mama pekee hadi miezi sita.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Ulikuwa uamuzi wa haki, usirudishwe nyuma hata hatua moja. Lakini tunahesabu waliorejea, basi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, na asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunazijadili takwimu hizi kama za nchi mbili tofauti!

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimeonyesha njia. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, binti anakuja na mwanawe, na malezi yapo hapo hapo chuoni: ananyonyesha, anarudi darasani.

Hata kupima matokeo kunahitaji kumtazama mtoto, si mama tu. Uingereza ilipopima mpango wa wauguzi kuwatembelea mama vijana, matokeo ya 2016 hayakuonyesha faida katika mambo makuu yaliyopimwa. Watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto hadi walipoanza shule. Hapo ikaonekana faida kwa watoto katika baadhi ya mambo. Wangeishia kwa mama, wasingeiona.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, ilipangwa iishie 2025/26. Tathmini yake isipokelewe bila kadi za kliniki za watoto wa mabinti waliorudi shule: urefu, chanjo, alinyonya hadi lini, mchana anashikwa na nani. Na bibi akitajwa, itajwe pia posho anayolipwa.