Namba Kubwa, Undani Mdogo

Epson Perfection V850, skana bapa iliyotoka mwaka 2014, inanadiwa kwa nukta 6,400 kwa inchi. Wanaoipima kwa chati za majaribio hupata kama 2,300 tu. Hapo ndipo mnunuzi hupigwa chenga: fremu ya milimita 35 inatoa faili la pikseli milioni 55, lakini undani wa kweli ni wa milioni 7 hivi. Diski inajaa hewa.

Mwenye filamu ya inchi 4 kwa 5 hana haja ya kununa. Kwa 2,300 hiyo hiyo anavuna zaidi ya milioni 100.

Skana ya silinda ni mnyama mwingine. Filamu hulowekwa kimiminika maalumu, hubandikwa kwenye silinda angavu ya akriliki, kisha silinda huzunguka kwa kasi huku mirija ya fotomaltiplaya ikisoma nukta moja baada ya nyingine. Vivuli vya slaidi ambavyo skana bapa huvigeuza tope, hapa huonyesha hadi mikunjo ya koti jeusi. Na njia yenyewe ni kongwe: mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitumia silinda kusoma picha ya mwanawe mchanga, wakapata pikseli 176 kwa 176.

Ila mashine kama Heidelberg Tango hazitengenezwi tena. Anayenunua mtumba hutafuta pia kompyuta ya zamani ya kuiendesha, na fundi. Kwa slaidi moja ya maonyesho, heri kumlipa mwenye nayo. Negativu za harusi ya babu, skana bapa inazitosha, mradi vumbi lifutwe kwanza.