ULIONA, AMA ULISIKIA?



Hapa Katoyi mwanga mwekundu wa usiku hautushangazi sana, Nyiragongo tunaijua. Lakini kijana wa pikipiki akifika mbio na kusema, "Niliona kitu ya moto inaruka juu!", utamjibu namna gani? Utamcheka? Ama utakimbia kuamsha majirani?

Sikiliza vile wanajeshi wa Marekani walifanya. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1964, karibu na mji wa Socorro, polisi Lonnie Zamora alikuwa katika motokari akifuata dereva aliyepita mbio. Akasikia mngurumo, akaona moto. Akafikiri nyumba ya dinamiti imelipuka. Ninyi wa machimbo munajua hofu hiyo! Alipokaribia, aliona kitu cheupe kama yai. Kikatoa moto chini, kikapanda, kikaenda zake.

Usiku uleule ofisa wa jeshi alifika. Zamora hakuchekwa, wala hakuaminiwa bure. Walipima alama nne udongoni, wakatazama kichaka kilichoungua, na udongo ukapelekwa kuchunguzwa. Mwisho, mkubwa wa uchunguzi, Hector Quintanilla, alikubali kwamba Zamora ni mtu wa kuaminika, lakini kitu chenyewe hakikujulikana. Toka 1947 mpaka 1969 jeshi la anga lilihesabu habari 12,618 za namna hiyo. 701 zilibaki bila jibu. Na "hatujui" maana yake ni hatujui tu. Si kusema wageni walitoka kwenye nyota.

Sasa turudi kwetu Kongo. Kuna karatasi ya CIA, wapelelezi wa Marekani, ya mwaka 1952. Inasema visahani viwili vya moto vilionekana juu ya machimbo ya uraniamu ya Elisabethville, leo Lubumbashi, na komanda Pierre akavifuata kwa ndege. Watu husema: "Tazama, CIA yenyewe imeandika!" Lakini soma polepole. Karatasi ile ni tafsiri ya gazeti la Vienna tu. Inaweka machimbo mashariki ya mto Luapula, kumbe huko ni Zambia. Shinkolobwe, chimbo letu la uraniamu, iko karibu na Likasi, mbali upande wa magharibi. Na katika karatasi ile hakuna alama hata moja iliyopimwa.

Basi, jina la ofisi kubwa haligeuzi uvumi kuwa ushuhuda. Hapa Goma uvumi wa usiku unaweza kufanya mama abebe watoto na kukimbia bure. Lakini kucheka nako ni hatari: tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, wekundu ule wa angani ulikuwa lava kweli.

Kwa hiyo, kijana akileta habari, mpe kiti, umuulize: Uliona mwenyewe? Saa ngapi? Upande gani? Ilidumu dakika ngapi? Nani mwingine aliona? Kisha pelekeni habari kwa wanaoweza kuchunguza.

Vijana, maulizo ya kuzungumza nyumbani: wiki hii, ni habari gani uliipitisha kwa mwenzako? Uliiona, ama uliisikia?