Wapelekeni Watoto Wakayaone Maneno

Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila lilipotokea neno siwa katika shairi nililifasiri kwa maneno matatu: aina ya baragumu. Mwanafunzi aliyeyaandika hayo katika mtihani nilimpa alama zake zote. Leo nakiri kwamba mwalimu na mwanafunzi tulikuwa sawa, kwani hakuna kati yetu aliyewahi kuiona siwa.

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, tulisafiri kwenda Lamu: mimi, mke wangu, binti yetu na wajukuu watatu wanaokulia Nairobi. Asubuhi ya pili tuliingia Makumbusho ya Lamu, yaliyo mkabala na bahari. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubu, kama ilivyo ada ya walimu wastaafu, lakini sikupewa nafasi. Watoto walikwisha kusimama mbele ya siwa mbili: ile ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya Lamu, ya shaba. Mdogo wao, wa miaka 7, aliinama, akachungulia, akauliza: “Babu, mbona tundu liko ubavuni? Anapulizaje?” Swali hilo sikuwahi kuulizwa darasani. Fasiri ya maneno matatu haina ubavu wala tundu.

Nikamgeukia mkubwa wao, wa miaka 13, nikamuuliza kama anaijua methali ya mbiu. Akaitoa bila kusita: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. “Na mbiu ni nini?” Akafikiri kidogo, akasema labda ni mbio za askari. Nikamweleza kuwa ni pembe ya nyati, iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikie habari. Mbiu iliuita umma. Siwa ilitolewa kwa siku kubwa za waungwana, kama arusi na kutawazwa.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunalalamika kwamba watoto wa mjini hawana msamiati, ilhali sisi wenyewe tunawapa maneno yasiyo na umbo, kisha tunawalaumu kwa kuyasahau. Neno lisilo na kitu huwa mzigo wa mtihani, nao hutuliwa mara tu mtihani unapokwisha.

Wapo watakaonijibu kuwa vitu vya makumbusho vimepitwa na zama, na kwamba majina yake yana haki ya kuzikwa navyo. Jibu lao nililipata tulipotoka. Ndani tulikuwa tumetazama milango ya nakshi, nikawatajia kizingiti, miimo na mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaoziba pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Nje, kichochoroni, mjukuu wa kati aliweka kiganja juu ya mlango wa nyumba ya watu, akasema: “Huu nao una mfaa.” Punde ukafunguliwa, akatoka mama mmoja na kikapu chake, akatuamkua.

Basi mzazi au mwalimu anayewapeleka watoto makumbusho asiwakimbize chumba kwa chumba, wala asiwasomee kila kibao. Vitu vitatu vyatosha kwa siku moja. Awaache watazame, wataje wanachokiona kwa maneno yao wenyewe, ndipo jina lije. Jina likija likiwa limengojewa, litakaa.

Jioni, barazani, nilimwomba kila mmoja mstari mmoja wa shairi. Yule wa kati, wa miaka 10, alinipa huu: “Siwa leo nimeona, sauti sijasikia.” Kwa mazoea nikahesabu mizani kwa vidole: 8 kwa 8. Mwalimu aliyemo ndani yangu alitaka kudai “nimeiona” na “sijaisikia”, nikamnyamazisha.

Nami pia sijaisikia sauti hiyo. Lakini sasa nikikutana na neno siwa katika shairi, najua ni kitu gani ninachokikosa.