Kigango chenu kimeishia chuoni Virginia

Hebu fikiria: umewachongea ndugu zako wawili marehemu vigango, ukavisimika boma lako, kisha asubuhi moja huvioni. Ndivyo ilivyomfika mzee mmoja Mgiriama miaka ya themanini. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha akiwa navyo 1985. Mwaka 1999 kimoja kikatambuliwa kwenye mkusanyo wa makumbusho huko Illinois. Cha pili kikapatikana Hampton, chuo kikuu Virginia.

Sasa hapo Hampton ndipo mambo yanakuwa magumu. Si jumba la wakoloni. Lilianza 1868 pamoja na chuo chenyewe, shule ya Weusi waliotoka utumwani. Ndani kuna "The Banjo Lesson", mchoro maarufu wa Henry Ossawa Tanner, na vitu vya Wakuba alivyovikusanya Kongo mwanafunzi wao wa zamani, William Sheppard. Watu waliojua uchungu wa kunyang'anywa, na bado cha mzee wetu kilikuwa kwao! Lakini walikirudisha, familia ikakipokea 2007.

Na kabla hujawalaumu wazungu peke yao, jiulize nani alikichomoa ardhini usiku. Mara nyingi walikuwa vijana wa papo hapo, waliolipwa pesa kidogo na mawakala. Tena Denver walipoamua 2014 kurudisha vigango 30, vilifika Nairobi 2019, ushuru wetu wenyewe ukiwa mmoja wa vizuizi. Ati tunatoza kodi marehemu wetu wakirudi nyumbani?